Sindano Ilianguka Kwanza

Siku Yusufu alipofariki nilipigiwa simu na binti yake, Zaina. Akaniambia, "Mzee Sudi, baba ametutoka alfajiri, tunazika baada ya adhuhuri." Na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonipitia moyoni halikuwa huzuni. Nilishusha pumzi. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba kesi yake imefutwa. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu nikiliacha nyuma nitakuja kulipamba, najijua. Basi nilikwenda makaburini, nikatia udongo wangu mara tatu kama wengine, kisha tukapanda mlima wa Rebero, hapa Kigali, nyumbani kwa Zaina, ambako matanga yaliwekwa. Ni nyumba nzuri, sakafu yake ya vigae inang'aa hadi unazionea aibu soksi zako. Wanaume tulikaa sebuleni juu ya mikeka, wanawake upande wa jikoni, ikazungushwa chai ya maziwa yenye tangawizi, halafu pilau. Nyuma yangu wazee wawili walikuwa wananong'ona, na wazee wakinong'ona kila mtu anasikia. "Marehemu amelinda viatu vya watu pale msikitini miaka ishirini, haikupotea hata kandambili." "Na ujanani alifukuzwa kazi kwa wizi, ulijua?" "Nilisikia. Mtu hubadilika." Halafu kijana mmoja, mpwa wa marehemu, mtu wa ofisini mwenye shati safi, akaninyooshea kidole mbele ya wote akasema, "Huyu ndiye Fundi Pua wa Kimisagara. Wanasema ukimletea gari analinusa tu, anajua ugonjwa. Mzee, tupe hadithi ya hilo jina, tupumzishe macho kidogo." Hadithi hiyo nimeisimulia harusini, nimeisimulia gerejini, nimewasimulia wajukuu wangu wakacheka. Pale sikuweza. Nikajifanya nimepaliwa na wali, nikatoka nje.

Jina hilo nililipata nikiwa na miaka ishirini na mbili, na mwaka huo mmoja ndio nitakaouandika. Nani alinizaa na wapi, hayo hayasaidii kitu hapa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo maneno yangu yakipinda mtayanyoosha wenyewe. Kimisagara ya wakati ule haikuwa hii ya leo ya nyumba zilizobebana mgongoni. Gereji yetu ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukingo wa mlima, na nyuma yake chumba kimoja kisicho na dirisha. Humo tulilala, humo tulipika, humo tuliweka vipuri, vyote pamoja, hata leo nikila sombe, yale majani ya muhogo, nahisi grisi ulimini. Mwenye gereji alikuwa Mkongo wa Bukavu, tulimwita Papa Lukasi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alipika yeye, hakuamini mkono wa mtu mwingine kwenye sufuria, na wakati sombe inachemka alitufundisha kazi kwa maneno, sisi tumekaa juu ya matairi. Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: tajiri haamini mdomo. Ukitengeneza gari lazima umpe mkononi kile kitu kilichokuwa kibovu, umekifunga kwenye gazeti, buji au plagi iliyoungua, mkanda uliokatika, chochote. "Mutoto yangu," alikuwa anasema, "mutu akilipa na hajashika kitu, anarudi kwake na mashaka. Umupe ugonjwa wake aende nao." Matajiri wa Kigali walishaizoea desturi hiyo. Usipotoa kitu walikaa pale pale kwenye stuli, wananyoosha mkono, wanangoja.

Sasa Yusufu. Alikuwa dereva wa Bwana Nasoro, mwenye duka la misumari, saruji na mabati, na gari lenyewe lilikuwa jeupe, la Kifaransa, la milango minne. Siku hizi vijana wanayatafuta magari ya aina ile kwa kubebea maharusi, wanayaita ya kale, wananiletea mimi kwa sababu wao hawajawahi kuona platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyokata umeme wa cheche. Wakati ule lilikuwa gari tu. Yusufu alilifuta kwa kitambaa hata likiwa limesimama kivulini. Alinizidi miaka minane hivi, akaniita mdogo wangu, na yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa vumbi, bila kunigombeza hata nilipoparamia rundo la matofali. Kila alipoleta gari alileta na chapati za mke wake, Hadija, zimefungwa kwenye kitambaa zingali moto. Walikuwa na mtoto mmoja mchanga, huyo Zaina, ambaye alikuwa hajaota hata jino. Nilikula kwao mara nyingi kuliko nilivyokula mahali pengine popote nje ya gereji. Hili mlishike.

Mwaka ule Bwana Nasoro alirudi kutoka safari ya Bujumbura na saa ya mizunguko ndani ya boksi. Ni saa ya duara, inakaa mbele ya dereva, na sindano yake inaonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Gari lake halikuzaliwa nayo. Aliiona kwa rafiki yake, ikamkaa rohoni. Papa Lukasi alikuwa amekwenda Bukavu kumzika dada yake, na huko mambo ya urithi yakamshika wiki nyingi, kwa hiyo gereji aliniachia mimi, na mimi nilitembea Kimisagara kifua mbele kama mtu aliyezaliwa na spana mkononi. Kufunga saa ile si kazi kubwa. Waya mmoja unatoka kwenye bobini, lile kopo linalotengeneza umeme mkali wa kuchoma petroli, unapita kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva, unaingia nyuma ya saa. Kila platini zinapofunguka na buji kutoa cheche, waya unapeleka habari, na sindano inahesabu. Nikatoboa tundu kwenye bati. Fundi mwenye akili huvisha tundu hilo pete ya mpira, ili makali ya bati yasile waya. Sikuwa na pete. Nikaviringisha kipande cha tyubu ya baiskeli, hakikukaa, kikadondoka, na Bwana Nasoro alikuwa amesimama na funguo mkononi anataka kwenda kuwaonyesha watu saa yake. Nikasema moyoni, nitaifunga vizuri kesho. Kesho hiyo sikuikumbuka tena.

Wiki tatu hazikupita. Yusufu alikuja kwa miguu, shati limelowa jasho. "Umva, Sudi, sikiliza, gari imezima pale katikati ya mlima wa Nyamirambo. Nimengoja kidogo, ikawaka yenyewe kama hakuna kitu." Nikasema ni buji, nikabadilisha buji zote nne, nikafunga za zamani kwenye gazeti, Bwana Nasoro akapewa ugonjwa wake. Siku mbili, gari likazima tena mlimani. Nikafungua distributa, kile kikombe kinachozigawia buji umeme, nikasugua platini kwa msasa, nikapima upana wake kwa karatasi ngumu ya paketi ya sigara kama nilivyofundishwa, nikabadilisha kondensa, kale kadude kadogo kanakokaa pembeni. Gazeti la pili. Likazima. Nikang'oa bobini kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya banda, nikaifunga. Gazeti la tatu. Likazima akiwa na Bwana Nasoro mwenyewe ndani, pamoja na shehe aliyemwalika. Akaja hadi gerejini na kanzu yake ya Ijumaa, akaniuliza, "Fundi, huu ugonjwa unazaa?" Watu wakacheka. Halafu akasema jambo jingine, taratibu, akiangalia pembeni: "Petroli mwaka huu inatafutwa kwa tochi. Watu wanaiuza, kisha wanajazia tangi mafuta ya taa. Yusufu anajaza wapi, unajua?" Nikasema sijui, Bwana. Na kweli sikujua. Lakini nilisikia vizuri njia ambayo neno lile lilikuwa linaelekea, na nikaliacha liende.

Ilikuwa Ramadhani. Mchana tumbo tupu, midomo mikavu, na joto la mabati linakukaanga. Yusufu alikaa juu ya tairi, nami nimeinamia boneti, akaniambia pole pole, kama mtu anayeogopa kukanyaga kazi ya mwenzake: "Mimi si fundi, mdogo wangu. Lakini nimeangalia. Petroli ikiisha gari inakohoa, inakufa kidogo kidogo, na sindano inashuka nayo. Hii haikohoi. Sindano inaanguka kwanza, inalala kwenye sifuri, na gari bado inatembea. Ndipo nasikia kimya." Akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Ubaya uko kwenye waya. Si uangalie ile saa uliyoifunga?" Mtu huyu hajui kusoma, na alikuwa amepata kwa macho yake tu kile ambacho mimi nilikuwa nimekikosa kwa magazeti matatu. Mnadhani nilimshukuru? Nilimjibu, "Wewe endesha, umeme niachie mimi." Akaenda kuswali. Nilipobaki peke yangu nikachomoa ule waya wa saa kwenye bobini, nikawasha, nikapanda mlima mara tatu na mifuko ya saruji ndani. Gari halikuzima. Nikaurudisha waya, nikapanda, likazima kabla ya kona ya pili. Nikalirudisha chini likibingirika lenyewe, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi. Bati lilikuwa limekula ngozi ya waya, shaba inachungulia. Injini ikijikaza mlimani inajipinda kidogo, inavuta waya, shaba inagusa bati, unapiga shoti. Umeme wa bobini unakimbilia kwenye bodi la gari, cheche zinakufa, sindano inalala, gari linanyamaza. Injini ikitulia waya unarudi mahali pake, gari linawaka kama hakuna kitu. Ndiyo yote. Nikafunga tepu, nikakata pete ya mpira kutoka kwenye kandambili yangu mwenyewe, nikaivisha kwenye tundu. Kazi ya robo saa.

Nilikuwa bado chini ya dashibodi niliposikia sauti ya Bwana Nasoro. Alikuwa amekuja na Yusufu nyuma yake. "Umepata?" Nikasema, "Nimepata, Bwana. Sasa halitazima." "Alhamdulillahi. Nipe nione." Akanyoosha mkono. Nimeufikiria mkono ule miaka mingi, ulikuwa na pete ya fedha, umenyooshwa bila hasira, kwa desturi tu. Ningeweka nini pale? Nikimpa kipande cha waya ninampa kazi yangu mwenyewe, na gereji ya Papa Lukasi, na kifua changu chote cha Kimisagara. Nikasema, "Labda petroli haikuwa safi, Bwana." Nilisema labda. Akasema, "Nionyeshe." Nikafungua skrubu ya chini ya kabureta ili nikinge petroli, nikachukua chupa iliyokuwa chini ya meza. Sasa hapa niandike sawasawa. Chupa ile tuliwekea mafuta ya taa ya kuoshea vyuma, na yalikuwa yamebaki kama vidole viwili. Niliyaona. Sikuyamimina mimi siku ile, yalikuwemo. Lakini sikuyamwaga. Nilikinga petroli juu yake, nikampa. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena. "Mafuta ya taa." Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Yusufu akasogea. "Bwana Nasoro, mimi najaza pale pale siku zote. Na hii gari, sindano yake inaanguka kwanza, ninaapa, mwulize Sudi." "Usinifundishe saa niliyoinunua mwenyewe," Nasoro akamwambia. Yusufu akaniangalia, kama unavyomwangalia shahidi wako anapoitwa. Nikainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Alitakiwa atoe funguo, akazichomoa garini, akazifuta kwanza kwenye shati.

Siku ile nilikuwa nimealikwa kufuturu kwao, tangu mwanzo wa wiki. Nilitumaini atafuta mwaliko. Akanitumia mtu: njoo, chakula kimeshapikwa. Nikaenda kwa sababu kutokwenda kungesema yote. Nyumba yao Nyamirambo ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua mekundu, huku mkeka na redio, kule kitanda kilichoinuliwa juu ya makopo. Adhana ikalia, tukala tende, tukanywa uji wa mtama wenye pilipili manga, Hadija akaleta ndizi za kupika na mchuzi wa maharage, akaniwekea mimi kwanza. "Kula, shemeji, leo umechoka." Yusufu hakula, akaenda nyuma ya pazia kumbeba mtoto aliyeanza kulia, na mke wake akamfuata. Nilikuwa na kijiko mkononi niliposikia sauti ya Hadija, ya chini. "Niambie mimi tu. Uliuza?" "Wallahi sikuuza." "Na ile chupa?" "Siijui ile chupa." Mtoto akanyonya, nikasikia hata hilo. Kisha Hadija akasema, "Sudi ni rafiki yako. Sudi anakula hapa kwetu. Atakusingizia kwa faida gani?" Na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, pazia tu katikati yetu, ningeweza kusema neno moja hata bila kusimama. Nilimaliza sahani. Nilikuwa na njaa, hiyo ndiyo haya yangu kubwa, kwamba chakula kilikuwa kitamu na nilimaliza.

Papa Lukasi alirudi baada ya Idi. Mtu yule alikuwa na tabia ya kukagua kila kazi iliyofanyika wakati hayupo, kwa hiyo gari la Nasoro lilipoletwa na dereva mpya alilala chali chini ya dashibodi, tumbo limeinuka kama kilima, akakaa huko muda mrefu. "Sudi. Hii pete ya kandambili, njo nani aliitia?" "Mimi, Papa." "Mbele ya gari kuzima-zima, ao nyuma?" Alikuwa anauliza kama niliitia kabla au baada, nami nikaanza kufuta spana. Akatoka, akanawa mikono, akanawa tena. Habari za Yusufu alishazisikia zamani. Akaniambia bila kunitazama: "Ukienda kumwambia Nasoro, hataleta gari hapa tena, na rafiki zake hawataleta. Mimi nitateseka. Lakini Yusufu iko na mutoto. Enda leo. Kesho mudomo itakuwa muzito zaidi." Nikaenda. Nataka mjue kwamba nilikwenda, nilitembea kutoka Kimisagara hadi dukani kwake nikiwa nimepanga maneno yote. Bwana Nasoro alikuwa amekaa barazani na wafanyabiashara watatu wanakunywa kahawa. Aliponiona akainua mkono. "Huyu hapa, huyu kijana. Mafundi wote wanafungua injini, huyu alinusa tu." Mmoja akasema, "Basi ni Fundi Pua," wakacheka wote, mwingine akaniuliza kama naweza kulinusa lori lake. Nikapewa kikombe, nikapewa na kashata. Nikaketi. Niliporudi nilikuwa na ahadi ya malori mawili, na nikamwambia Papa Lukasi, "Nimemkuta ana wageni." Akasema, "Aha." Hakuniuliza tena. Aliendelea kunipikia kama zamani, lakini tangu siku ile hakuniita mutoto yangu. Aliniita Fundi, mpaka alipoondoka nchini na kuniachia banda.

Mwaka ulipokaribia kwisha Hadija alimfunga Zaina mgongoni, akarudi kwa wazazi wake Kabuga, nje ya mji. Yusufu aliniletea habari mwenyewe, maana alikuwa bado anakuja kukaa na mimi, hakuwa na mahali pengine pa kukaa mchana. Alisema, "Anasema hawezi kulala na mtu asiyemjua." Nikaendelea kusugua platini za watu. Hakuna tajiri aliyempa tena funguo za gari, maana mji ulikuwa mdogo na matajiri walikunywa kahawa pamoja. Alibeba magunia sokoni, alichanganya udongo kwa waashi, na uzeeni msikiti ukampa kazi ya kulinda viatu na kujaza maji ya udhu. Miaka mingine iliyopita hapa nchini kila mtu anayo yake moyoni, sitaigusa. Tulibaki marafiki, ndivyo watu walivyosema, na hata mimi ndivyo nilivyosema. Mara moja tu, tumeshakuwa na mvi wote wawili, tumekaa nje ya banda langu, aliniuliza kama mtu anayekumbuka mvua ya zamani, "Ile sindano, Sudi, si ilikuwa inaanguka kwanza?" Nikamjibu, "Sikumbuki, ndugu yangu." Akatikisa kichwa. Akasema, "Mimi nakumbuka."

Basi nirudi Rebero. Nilikuwa nimesimama nje ukutani, naangalia taa za mji zinavyoanza kuwaka, Zaina akanifuata na glasi ya maji akidhani kweli nimepaliwa. Ni mwanamke wa kama miaka hamsini, ana macho ya baba yake, yale ya kutazama kitu muda mrefu. Akasema, "Mzee Sudi, wewe ndiye baba mdogo niliyebaki naye." Nikamwambia. Sikupanga maneno, na labda ndiyo sababu yalitoka. Saa, tundu, pete, chupa, vidole viwili, yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana, aliuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Pale waya ulipochubuka, palikuwa pakubwa kiasi gani?" Nikaangalia mkono wangu. "Kama ukucha. Ukucha wa kidole kidogo." Akainua wa kwake, akautazama kwenye mwanga wa mlango. Ndani walikuwa wameanza dua. Akasema, "Mama yuko hai, Kabuga. Hakuja msibani, alisema hana haki ya kuja. Kesho saa nne nitakupitia." Alisema hivyo kama mtu anayepanga usafiri wa wageni, kisha akarudi ndani kugawa maji.

Hadija anakaa nyuma ya soko la Kabuga, kwenye chumba cha uani katika nyumba ya mtoto wake wa ndoa ya pili. Mume wa pili alishafariki. Chumba kina kitanda, zulia dogo la kuswalia, na picha za wajukuu. Tulimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo, miwani imefungwa kwa uzi. Alinitambua kwa sauti. "Sudi. Umezeeka vibaya." Nikasema, "Ndiyo, shemeji." Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza, na yeye akaendelea kuchambua, mawe huku, maharage kule, mpaka nilipofika kwenye chupa. Hapo vidole vikasimama.

"Kwa hiyo yale mafuta ya taa yalikuwa yenu."

"Yetu. Ya kuoshea vyuma."

"Na yeye aliniapia."

"Nilisikia, shemeji. Nilikuwa upande wa pili wa pazia."

Akanigeukia. "Ulisikia."

"Nilisikia yote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa, na nitasema ukweli, nilikuwa natamani kufukuzwa, kwa sababu mtu aliyefukuzwa anaondoka. Hakunifukuza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akasema kwa sauti ile ile ya chini niliyoijua, "Wewe ulimdanganya Nasoro. Nasoro alikuwa nani wetu? Mimi ndiye niliyeapiwa. Mtu aliniapia na mtoto mikononi, nikamwamini mgeni anayekula." Zaina akapiga magoti karibu naye. "Mama, usijibebeshe lawama." "Nyamaza, mwanangu." Nikaona nilichokifanya. Karibu miaka hamsini mama huyu alilala akijua kwamba alimwacha mwizi, na usingizi huo, hata kama ulikuwa wa uongo, ulikuwa wake. Nilikuja Kabuga kujitua, na nimemtwisha yeye, mwanamke wa miaka sabini na kitu, siku ya pili ya kifo cha mtu huyo, wakati hakuna tena wa kumwendea na kumwambia samahani.

Sokoni mtu alikuwa anatangaza bei za viatu kwa kipaza sauti. Hadija akauliza, "Hakuoa tena?"

"Hakuoa, mama," Zaina akasema.

Akavaa miwani, akauvuta ungo karibu, lakini mikono haikuanza kazi. Akaniangalia mimi, si binti yake.

"Miaka yote hiyo alikuwa anakula kwa nani?"

"Kwangu," nikamwambia. "Siku za Ijumaa. Siku nyingine sikuwahi kumwuliza."